Je, Wajua? Nobu Ikisema Chrrr!

Sauti hiyo unaijua. Umechomeka gitaa, umewasha amplifaya, umegusa nobu ya sauti, na kabla noti ya kwanza haijatoka, spika imeshasema chrrr-krrk! Haya, sogea hapa. Mkwaruzo huo una mambo mengi ya ajabu kuliko wimbo uliotaka kuupiga.

Je, wajua kwamba kelele yote hiyo inazaliwa kwenye utepe wa sentimita 3 hadi 5 tu? Nyuma ya kila nobu kuna kifaa kiitwacho potenshiometa. Ndani yake umo utepe wa kaboni uliopinda nusura ukamilishe duara, na juu yake unateleza ulimi mdogo wa chuma. Basi. Hakuna kingine humo!

Na hiyo kaboni ni ndugu wa masizi ya sufuria. Gitaa la bei mbaya, amplifaya ya bei mbaya zaidi, na kinachopandisha sauti ni tabaka jembamba la weusi uleule unaousugua jikoni.

Huamini? Chukua penseli, chora mstari mweusi mnene kwenye karatasi, kisha gusa ncha zake mbili kwa mita ya fundi. Umeme unapita! Sasa telezesha ncha moja ya mita juu ya mstari uone namba zinavyopanda na kushuka. Umeshatengeneza potenshiometa ya karatasi.

Amplifaya nyingi za valvu, zile chupa za kioo za kukuzia sauti, hutumia potenshiometa ya sauti yenye ohm 1,000,000. Ndiyo, milioni moja, kwenye utepe unaoenea kwenye kidole gumba. Waya wa shaba wa urefu huohuo, wenye unene wa milimita 1 ya mraba, haufikishi hata sehemu moja ya elfu ya ohm moja.

Umewahi kugundua kwamba nobu haimalizi duara? Nyingi hugota kwenye nyuzi 300 hivi kati ya 360. Lakini ipo iliyokataa kugota: Helipot ya Arnold Beckman wa Marekani, mwanasayansi yuleyule wa mita ya pH ya mwaka 1934, huzungushwa mara 10 nzima kabla ya kufika mwisho. Rada za Vita Kuu ya Pili ya Dunia ziliitumia.

Na kifaa chenyewe ni kizee kuliko gitaa la umeme! Mjerumani Johann Christian Poggendorff alieleza kanuni ya potenshiometa mwaka 1841. Gitaa la umeme la Rickenbacker, lile la duara lililobandikwa jina la kikaango, lilianza kuuzwa mwaka 1932. Nobu ilisubiri gitaa miaka 91.

Turudi kwenye chrrr yetu. Punje ya vumbi inakaa chini ya ulimi, mguso unakatika kwa muda mfupi kupindukia, unarudi, unakatika tena. Spika haina habari kwamba lile ni vumbi. Yenyewe inapiga chochote inacholetewa.

Mbona basi inanguruma vile? Kwa sababu gitaa hutoa umeme mdogo mno, mara nyingi chini ya volti 1, na kazi ya amplifaya ni kuukuza. Valvu ya 12AX7, inayokaa mlangoni mwa amplifaya nyingi duniani, ina kiwango cha kukuza cha 100. Vumbi nalo linakuzwa bila ubaguzi!

Hili sasa shika meza: amplifaya inayopigwa kila usiku huweza kukwaruza kidogo kuliko ile iliyofungiwa stoo miaka 5. Ulimi ukiteleza kila siku hujisafisha wenyewe. Ukiachwa mahali pamoja, chuma chake hupata kutu nyembamba ambayo jicho haliioni.

Ndiyo maana tiba ya kwanza ni bure kabisa. Zima amplifaya, zungusha nobu kutoka mwanzo hadi mwisho na kurudi, mara 20 au 30. Washa usikilize. Mara nyingi chrrr imekwenda zake, na hujatoa hata shilingi.

Wewe wa pwani, hili lako. Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji kutoka hewani unyevu ukivuka asilimia 75, na Zanzibar, Tanga na Mombasa huvuka hapo mara kwa mara. Upepo wa bahari unaleta chumvi, chumvi inaleta maji, maji yanaleta kutu. Amplifaya ya Dodoma inakula vumbi, ya Forodhani inakula bahari!

Kutu yenyewe ina vituko. Oksidi ya shaba hupitisha umeme vizuri upande mmoja kuliko mwingine, na miaka ya 1920 viwanda viliitumia makusudi kugeuza umeme wa AC kuwa DC. Umesoma sawasawa: kutu ilikuwa bidhaa!

Kabla hujailaumu amplifaya, mtafute mhalifu. Iache nobu ya amplifaya, zungusha ile iliyoko kwenye gitaa. Ikikwaruza, ugonjwa uko mikononi mwako. Ikinyamaza, hamia kwenye amplifaya, nobu moja moja, bila haraka.

Na usidhani ni kazi ya nobu moja. Fender Twin Reverb, amplifaya moja tu, ina nobu 11 usoni. Gitaa la Stratocaster lina 3, Les Paul lina 4. Bendi ya dansi yenye gitaa la solo, la ridhimu na la besi, kila moja na amplifaya yake, inabeba jukwaani tepe za kaboni 30 bila hata kujitahidi.

Chrrr ina lugha, ukiisikiliza. Ikikwaruza mahali pamoja tu, tuseme kwenye 4 ambapo huwa unaiweka daima, utepe umelika hapo. Ikikwaruza mzunguko mzima, ni uchafu, au ni jambo zito zaidi ambalo tunalijia. Vuta subira.

Utepe wa kawaida wa kaboni hupewa na kiwanda umri wa mizunguko elfu 10 hadi 25 hivi. Piga hesabu: mizunguko 15,000, ukizungusha mara 10 kila siku, inakwisha kwa miaka 4 na ushei. Ule wa plastiki inayopitisha umeme hufika milioni 1 na zaidi. Huo utawaachia wajukuu.

Sasa dawa. Madukani iko dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti za umeme, yenye mrija mwembamba mwekundu. Mlango wake ni kipenyo kidogo karibu na ile miguu mitatu ya potenshiometa. Nusu sekunde inatosha. Nusu! Kisha zungusha mara 20, acha ikauke, ndipo uwashe.

Kwa nini usimwage kopo zima? Kwa sababu ule utamu wa nobu kuzunguka polepole, bila kuyumba, unatokana na grisi iliyowekwa kiwandani. Ukipuliza mno unaiosha yote, na nobu inabaki inazunguka kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa.

WD-40 je, lile kopo la bluu na njano lililoko kila gereji? Ilizaliwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kuzuia kutu kwenye kombora la Atlas, na 40 ni namba ya jaribio lililofaulu. Huacha utando wa mafuta unaonasa vumbi, kwa hiyo kwenye nobu furaha yake huwa fupi. Kampuni hiyohiyo inauza kopo jingine kabisa kwa ajili ya kontakti za umeme. Soma kopo!

Spiriti ya isopropili huchemka kwenye nyuzi joto 82, ndiyo maana hupaa mara moja bila kuacha maji nyuma. Inasafisha vizuri, ila hailainishi chochote. Petroli usiithubutu: inakula grisi, inaweza kulainisha plastiki, na cheche moja inatosha kukufanya habari ya mtaa.

Na msasa? Mwana wewe! Utepe wa kaboni ni mwembamba kuliko unywele. Sugua mara mbili na umebaki na kipande cha fiba kisichojua sauti ni nini.

Nobu za kuteleza, zile za kupanda na kushuka kwenye ikwalaiza, huchafuka upesi kuliko za kuzunguka. Sababu iko mbele ya macho yako: zina mwanya mrefu ulio wazi, na mwanya huo unatazama juu. Kila kinachoanguka kinaingia. Mfunike kitambaa huyo mgonjwa kila baada ya kazi.

Haya, jambo zito tuliloahidiana. Je, wajua kwamba potenshiometa mpya kabisa, imetoka kwenye mfuko leo, inaweza kukwaruza vilevile? Ndani ya amplifaya ya valvu kuna volti mia na zaidi za umeme wa DC, na kati yake na nobu amesimama mlinzi mmoja: kapasita. Yeye huipitisha sauti na kuizuia DC. Akizeeka akaanza kuvuja, DC inapanda juu ya utepe, na kila ulimi unaposogea ni krrk.

Hapo puliza dawa mpaka kopo liishe, hakuna kitakachobadilika. Kinachobadilishwa ni kapasita, kidude cha ukubwa wa punje ya choroko au ncha ya kidole. Fundi hupima volti za DC kwenye miguu ya potenshiometa ya sauti, akikuta kitu cha maana badala ya sifuri, amemshika mwizi.

Lakini zipo nobu zilizoumbwa zikwaruze! Kwenye Fender Bassman ya mwishoni mwa miaka ya 1950, nobu iliyoandikwa Presence inapitisha DC kwa mpango wa mchoro wenyewe. Fundi mgeni anaweza kuihangaikia siku nzima. Haina ugonjwa, ndivyo ilivyo.

Sasa cheka. Mwaka 1962, kwenye duka la vyombo vya muziki la Jim Marshall huko Hanwell, London, ilitengenezwa amplifaya ya kwanza ya Marshall, JTM45. Mchoro wake ulinakiliwa kutoka Bassman. Wakanakili karibu kila kitu, na mkwaruzo wa Presence ukaingia humo humo!

Jim Marshall mwenyewe hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma, na mmoja wa waliopita mikononi mwake ni Mitch Mitchell, aliyekuja kumpigia mpiga gitaa Jimi Hendrix. Na jina kamili la Hendrix? James Marshall Hendrix. Bahati tu, lakini bahati gani!

Naye Leo Fender, mwenye jina la zile amplifaya za Fender, alikuwa fundi redio. Alifungua karakana yake Fullerton, California, mwaka 1938, na gitaa hakujua kupiga. Magitaa na amplifaya zilizobadilisha muziki wa dunia zilitoka kwa mtu aliyezoea kushika pasi ya kulehemu.

Hapa punguza utani kidogo. Je, wajua kwamba amplifaya ya valvu iliyozimwa na kuchomolewa ukutani bado inaweza kuua? Kapasita kubwa za ndani huhifadhi zaidi ya volti 400, karibu maradufu ya soketi ya nyumbani kwako, na zinaweza kukaa nazo kwa saa nyingi. Kuzungusha nobu kwa nje ni kazi yako. Kufungua boksi, hata kwa kupuliza ile dawa tu, ni kazi ya anayejua kuzimwaga kwanza.

Mafundi wa zamani wana kanuni moja: ukipima volti kubwa, mkono mmoja mfukoni. Si maringo. Umeme ukiingia mkono huu na kutokea ule, njia yake inapita kifuani, na kifuani ndiko uliko moyo.

Haya, tupumue. Umewahi kujiuliza kwa nini nobu ikifika 3 nyumba tayari inatikisika? Sikio halihesabu kama kalkuleta: ili usikie sauti imekuwa mara mbili, amplifaya lazima itoe nguvu mara 10 hivi. Kwa hiyo wati 100 dhidi ya wati 10 ni sauti mara mbili tu. Na wati 100 dhidi ya 50? Desibeli 3, basi. Wewe uliyebeba ile nzito kwenye daladala, pole.

Kwa ajili ya sikio hilo, utepe wa nobu ya sauti hufanyiwa hila. Ukiifikisha katikati kabisa, kwa kawaida inakuwa imeachia asilimia 10 hadi 15 tu ya umeme. Zilizobaki, 85 hadi 90, zimerundikwa nusu ya pili!

Siri ndani ya hila: nyingi kati ya tepe hizo ni za kughushi. Badala ya kupanda kwa mkunjo laini, kiwanda huunganisha vipande viwili vya kaboni tofauti na kutumaini sikio halitagundua. Nani amegundua? Hakuna.

Ukienda dukani, tazama herufi. A kwenye potenshiometa nyingi za leo ni ya sauti, B ni ile inayopanda sawasawa. Lakini kwenye nyingi za zamani za Ulaya herufi hizo zilikuwa kinyume! Ukifunga isiyofaa, sauti italala usingizi kisha iruke ghafla mwishoni, au itakurupuka ukigusa tu.

Geuza potenshiometa, na huenda ukakutana na cheti cha kuzaliwa. Nyingi za Marekani zimegongwa namba: tatu za mwanzo ni kiwanda, zinazofuata ni mwaka na wiki. Ukiona 1376632, hiyo ni CTS, mwaka 1966, wiki ya 32. Ukiona 304 mwanzoni, ni Stackpole. Kama potenshiometa haijawahi kubadilishwa, amplifaya yako haiwezi kuwa imetoka kiwandani kabla ya wiki hiyo, muuzaji aseme atakavyo.

Ila angalia Fender. Mwaka 1966 walinunua shehena kubwa ya potenshiometa, wakaendelea kuzitumia miaka iliyofuata. Ndiyo maana magitaa mengi ya 1967, 1968, hata 1969 yana vyeti vya 1966. Wanunuzi wa vitu vya kale wamegombana sana kwa hilo.

Na CTS ni nani? Chicago Telephone Supply, kampuni ya mwaka 1896, ya vifaa vya simu. Simu na gitaa ni jamaa wa karibu kuliko unavyodhani: pini ya milimita 6.35 unayochomeka kwenye gitaa lako ilitoka kwenye ubao wa waunganisha simu wa karne ya 19. Gitaa la umeme halikuwa limefikiriwa, pini ilikuwa inalingoja.

Hiyo pini ina ujanja wa kukupoteza, sikia. Amplifaya nyingi zina matundu ya Send na Return nyuma, na ndani ya tundu la Return kuna swichi ndogo ya chuma. Ikichafuka, sauti inafifia, inakatika, inarudi, nawe unailaumu nobu. Chomeka na kuchomoa pini mara 10. Mgonjwa anaweza kuinuka papo hapo.

Tuje kwenye namba za nobu, maana hapa kuna kichekesho cha dunia nzima. Filamu ya This Is Spinal Tap ya mwaka 1984 ilimwonyesha mpiga gitaa anayejivunia amplifaya yenye nobu zinazofika 11 badala ya 10. Watu walivunjika mbavu. Lakini je, wajua kwamba amplifaya za Fender za miaka ya 1950 zilikuwa zimeshafika 12?

Mzaha haukuishia hapo. Marshall JCM900 ya mwaka 1990 ilikuja na nobu zinazofika 20. Na BBC iPlayer nayo iliwahi kuwekewa sauti inayofika 11. Taasisi nzima ya utangazaji ya Uingereza, inatania!

Mwanamuziki Neil Young anayo Fender Deluxe ya mwaka 1959, ya zile za 12, na hapendi kuinama kuigusa. Alitengenezewa mashine iitwayo Whizzer: anakanyaga swichi, na injini ndogo inazungusha nobu zenyewe hadi mahali alipopachagua. Nobu zinajizungusha, msomaji, mbele ya maelfu ya watu!

Mpiga gitaa Eddie Van Halen yeye alizungusha mwenyewe, na alizungusha kweli. Kwenye wimbo wake Cathedral wa mwaka 1982, zile sauti zinazovimba mfano wa kinanda cha kanisani zote ni nobu ya sauti ikipelekwa mbio kwa kidole. Alisimulia kwamba potenshiometa ilipata moto kwa mzunguko huo hadi ikakwama mwishoni mwa jaribio la pili.

Gitaa lake maarufu, lile la mistari lililoitwa Frankenstein, lilikuwa na nobu moja pekee. Kazi yake: sauti. Imeandikwaje? Tone. Hakujali kuibadilisha.

Wapo walioikimbia kaboni kabisa. Pedali za Morley zilipata umaarufu kwa kutumia taa na jicho la mwanga: mguu wako unafunika na kufunua mwanga, na sauti inashuka na kupanda. Hakuna kinachosuguana, kwa hiyo hakuna cha kukwaruza. Balbu tu isiungue.

Na amplifaya za kidijitali? Nyingi nobu yake haigusi sauti kabisa, inaiambia kompyuta namba tu. Ikichafuka haisemi chrrr. Namba kwenye skrini inaanza kurukaruka, 4, 7, 5, 4, nawe unadhani umerogwa.

Wakati wengine wanalia kelele ziondoke, wengine walizisaka. Mwaka 1958 mpiga gitaa Link Wray alitoboa spika zake kwa penseli ili apate mkoromo wa Rumble, na vituo kadhaa vya redio vya Marekani vikaupiga marufuku, wimbo usio na neno hata moja! Mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la The Kinks aliikata spika yake kwa wembe.

Na Kinshasa? Konono N°1, kundi la Mawangu Mingiedi, waliunda vipaza sauti vyao kwa sumaku za magari mabovu ili ala zao za likembe zisikike juu ya kelele za jiji. Mkoromo uliotoka haukuwa umepangwa. Waliukumbatia, na ukawapeleka kwenye majukwaa ya Ulaya na Marekani.

Kelele moja ambayo si kosa la nobu ni ule mngurumo mnene usiokoma. Umeme wa Afrika Mashariki hupiga mara 50 kwa sekunde, na hiyo ni karibu kabisa na noti ya G. Unabisha? Bonyeza freti ya 3 kwenye uzi mnene wa gitaa la besi, ni 49. Marekani umeme ni 60, kwa hiyo amplifaya zao hunguruma kati ya B-flat na B. Kila bara na wimbo wake!

Ukishaisafisha nobu, usiifikishe mwisho kila siku. Tarehe 31 Mei 1976, uwanjani Charlton, London, kundi la The Who walipimwa desibeli 126 ukiwa mita 32 kutoka kwenye spika, na wakaingia kitabu cha Guinness. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanakuruhusu desibeli 85 kwa saa 8. Kwenye 100? Dakika 15 tu.

Na nobu isiyopona? Potenshiometa ina miguu mitatu. Mitatu tu! Inafunguliwa nati moja, inachomolewa, mpya inalehemiwa kwa matone matatu ya risasi, imekwisha. Kwa hiyo usiitupe amplifaya kwa ajili ya chrrr, wala usiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Mpelekee fundi redio wa mtaani kwako, apige picha ya waya zilivyokaa na anakili herufi na namba zilizoandikwa kwenye ile ya zamani.